Mashine ya Baba Imepona

Kaka yangu Mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na za Mama, na za Baba ambaye hajui kuwa nakuandikia. Hali yako inaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimekuachia? Na wifi yangu hajambo? Watoto bado wanagombea kukaa dirishani? Mimi ni mzima. Kazi ya kupiga pasi nguo za watu inaendelea. Mgongo unauma, lakini Mama anasema mgongo usiouma ni wa maiti. Mama mwenyewe yupo, ila amepungua. Magauni yake nimeyabana kiunoni na bado yanapwaya.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Kaka, chumba chetu unakijua. Simu ikilia, Baba yuko palepale kitandani, na kiharusi kilichukua kilichochukua, lakini masikio hakikuyagusa. Ujumbe nao haufai, maana simu ya nyumbani ni moja na yeye hutaka kusomewa kila kinachoingia. Ndiyo maana ukiniuliza Mzee anapigaje gitaa siku hizi, mimi nakujibu kwamba anapiga vizuri, kisha naharakisha kukuulizia watoto. Safari hii ukaniomba nimrekodi ili uwasikilizishe wenzako kazini. Sitakutumia hiyo rekodi. Kaa kitako nikueleze.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Baba alipolazwa, tulihamisha vyombo ili kitanda kipate nafasi karibu na mlango, na katika kuhamisha huko amplifaya, ile mashine ya gitaa lake, ikatuponyoka ikaanguka. Aliporudi kutoka hospitali, jambo la kwanza alitaka gitaa. Akaliweka pajani, akapiga uzi mmoja kwa mkono wa kulia, sauti ikatoka kavu kama mtu anayegonga meza. Ule mwangwi wake, ule uliofanya watu waseme gitaa lake linalilia kisimani, haukuwepo. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kwenye shingo ya gitaa kama kitu cha mtu mwingine. Lakini Baba hakuutazama. Aliitazama mashine, akasema, "Hii imekufa. Ndiyo maana siwezi kupiga."

Tangu siku hiyo wimbo ukawa huo. Jirani akija kumjulia hali, anaambiwa mashine ndiyo mbovu. Wale wenzake wa bendi wakija, wanaambiwa hakuna mpigaji duniani anayeweza kupiga juu ya sauti kavu, nao wanaitikia huku wakitazama sakafu. Na kaka, usicheke: kwa ajili ya mashine hiyo alikubali mazoezi. Mama alimshonea mpira wa vitambaa, naye akawa anauminya asubuhi na jioni, au tuseme anajaribu kuuminya, akisema anauandaa mkono, mashine ikitengenezwa isimkute mzembe. Alikuwa anakula. Alikuwa ananyolewa. Alikuwa hata anatania, kwamba mkono huu umeomba likizo bila kumwandikia bosi.

Ndipo mimi kwa kiherehere changu nikakusumbua, nawe kwa moyo wako ukahangaika mpaka ukakipata kile kisanduku cha bati chenye springi ambacho fundi alisema mashine inakihitaji. Siku kilipofika, Baba aliomba kiwekwe juu ya mto. Akakitikisa sikioni, springi zikalia ndani kwa mbali, akafumba macho.

Mama alinifuata jikoni. Aliniambia kwa sauti ya chini nisiitengeneze hiyo mashine. Nikamuuliza, Mama, kitu kimetoka kote huko, kwa nini kisifungwe? Akaniambia: "Mwache alaumu bati. Akimaliza kulaumu bati atamlaumu nani?" Nilimwona mama yetu amechoka tu na kuuguza. Nikaibeba mashine nikaenda.

Nilimpelekea yule fundi redio mwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Ni mtu wa maneno mengi, anazitukana mashine kwanza ndipo azitengeneze. Alifungua ubao wa nyuma, akaniambia nisiguse kitu hata kama haijachomekwa, maana hizi huficha umeme tumboni kama nyoka anavyoficha sumu. Chini kabisa kulikuwa na sanduku la bati, refu, jembamba. Alilitoa akanionyesha: springi moja imechomoka inaning'inia, na waya wa koili, mwembamba kuliko unywele, umekatika. Aliwahi kujaribu kuulehemu mara ya kwanza nilipompelekea, ukakatikia pembeni, ndiyo maana alisema kitafutwe kisanduku kipya. Nikamuuliza springi zina uhusiano gani na mwangwi. Akasema sauti inaingia mlango huu, inachezacheza njiani kama mtoto aliyetumwa dukani, halafu inatokea mlango ule imechelewa. Huko kuchelewa ndiko mwangwi. Nilicheka, kaka. Nilikuwa na furaha sana siku ile.

Akakifunga ulichotuma, mdomo ukitazama chini kama kile cha zamani, juu ya vipande vya mpira ili kisitikisike mtu akipita. Kina plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Kwanza alizikosea, mashine ikakoroma kama mlevi. Akaitukana, akazibadilisha, ikatulia. Kisha akachukua gitaa bovu lililokuwa ukutani, akapiga uzi mmoja. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi. Ulikuwa ule ule mwangwi wa utoto wetu. Nilisimama pale nalia katikati ya redio za watu.

Nyumbani Baba alitaka kuogeshwa kwanza. Akavalishwa shati jeupe. Mama alimfunga vifungo bila kuniangalia. Nikamwekea gitaa pajani, nikachomeka waya, nikawasha.

Alipiga nyuzi zikiwa wazi, mkono wa kulia peke yake. Sauti ikaenda, ikarudi, ikajaza chumba, na uso wake ukafunguka hivi kwamba nikamwona kijana wa kwenye ile picha ya bendi. Akasema, "Sasa." Akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua, akavipanga vidole juu ya nyuzi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanga yai juu ya yai. Akapiga. Vidole havikubana. Kilichotoka ni kishindo, kama mlango uliogongana na kiti. Na mashine, kwa kuwa sasa ilikuwa nzima, ikakichukua kile kishindo, ikakirudisha, ikakirudisha tena. Kaka, mwangwi haubagui. Hupendezesha kilicho kizuri, na kibovu hukitangaza.

Akavipanga upya. Akapiga. Vilevile. Akavipanga tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Baadaye aliutazama mkono wake, na nadhani ndiyo siku aliyoutazama kweli kwa mara ya kwanza tangu augue. Akasema, "Imepona." Kisha akasema, "Izime."

Hiyo ndiyo siku uliyopiga simu jioni, akakwambia asante mwanangu, mashine inalia kama zamani. Hakukudanganya. Inalia.

Tangu hapo akageukia ukuta. Mpira wa vitambaa akausukuma chini ya kitanda. Uji ukapoa kwenye kikombe. Wenzake wa bendi walikuja, akajifanya amelala, na kwa jinsi masikio yake yanavyojulikana kuwa makali, hawakuamini, wakaondoka kimyakimya. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja kumwona, nilimfuata nje nikamuuliza ukweli. Akaniambia mkono ambao haujarudi mpaka sasa haurudi. Tumfanyie mazoezi ili usikakamae tu. Akaongeza kwamba mgonjwa akikata tamaa na mwili wote hufuata. Mama alisikia akiwa mlangoni. Hakuniambia "nilikuambia". Afadhali angeniambia.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuandikie, na sijui utalipokeaje.

Asubuhi moja Mama alimtoa Baba barazani kuota jua. Nikabaki ndani na mashine. Nikachukua bisibisi, nikafungua ubao wa nyuma kama nilivyomwona fundi akifungua, nikaingiza mkono, nikachomoa plagi nyekundu na nyeupe. Kisha nikarudisha ubao. Kisanduku chako, kaka, ulichokihangaikia, kimo humo ndani kizima na hakifanyi kazi yoyote. Ni mimi.

Baba aliporudishwa, nikamwambia nimesikia mashine inakoroma, naomba anisaidie kusikiliza, asipige chochote, aguse uzi mmoja tu. Alikataa. Nikambembeleza. Akagusa. Sauti ikatoka kavu. Akagusa tena, akainamisha kichwa kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akifanya bendini mtu mmoja akikosea na yeye anatafuta ni nani. Hatimaye akasema springi za siku hizi si kitu, zimetengenezwa na watu wenye haraka. Akasema basi, itabidi kitafutwe kingine. Akaomba uji. Na jua lilipopungua aliniambia niinamie chini ya kitanda nimtolee mpira wake.

Ningependa kukwambia nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipokuwa nimepiga magoti chini ya kile kitanda, mpira mkononi, na yeye kule juu akaniita taratibu, "Chiriku." Nikaitika abee Baba. Akasema, "Ukifunga ule ubao, kaza na skrubu ya upande wa kushoto. Umeiacha imelegea, nilikuwa naisikia inatetemeka."

Nilimpa mpira, akaanza kuuminya, vidole havikusogea, akaendelea.

Kwa hiyo anajua, na mimi najua kuwa anajua, na Mama anatupikia sote. Wageni wakija wanaambiwa mashine imeharibika tena, na sauti yake inakuwa na nguvu kidogo akilisema hilo, ila hanitazami. Sijui kama anakula kwa sababu ana njaa au kwa sababu yangu. Asubuhi ulimi wake umeanza kuwa mzito; maneno mengine inabidi niyakisie. Sikuiti uje, najua karatasi zako za ukaazi hazijakamilika na ukitoka huko ughaibuni huenda usiruhusiwe kurudi. Nimekwambia tu ili nisiwe peke yangu.

Ninalokuomba ni moja. Ukipiga simu atakuambia kile ulichotuma kilikuwa kibovu, na atakuomba utafute kingine. Usimbishie. Mwambie utatafuta. Akikuuliza wiki inayofuata, mwambie dukani wameahidi. Mwambie hivyo kila atakapouliza, mpaka siku atakapoacha kuuliza. Lakini usikitafute, kaka. Na ukikikuta mahali, hata kama ni bure, kipite.

Msalimie wifi, na wanangu wabusu kwenye paji la uso. Mama anasema uvae vizuri. Barua hii ukishaisoma usinijibu kwa simu. Ukitaka kunilaumu, niandikie nyumbani kwa mwajiri wangu, nitaipata.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku