Gome Lisilowasha

Jumanne

Eti "muthiga wangu"! Ndivyo Daktari Kosgei, bosi wangu wa maabara, alivyowaambia wageni mwezi jana, akijigamba na dawa ya kuua bakteria niliyoitoa mimi kwenye magome ya huo mti. Mimi alinituma chai.

Leo amejiletea gunia lake la magome kutoka Molo. Nikatafuna kipande, kama ninavyofanya kila mara. Muthiga huwasha ulimi kama pilipili. Gome hili lilikuwa kama kutafuna kuni. Amebandua mti mwingine kabisa.

Wiki ijayo wageni wanarudi kuona jaribio la dawa ya gunia hili, na bakteria watakuwa wamenona. Naogopa, maabara ni yetu sote, lakini...

"Wanjiru, mzigo uko sawa?" akaniuliza.

Nikameza yale makapi. "Uko sawa, Daktari. Si ni muthiga wako?"