Nafasi ya Umri Ilipobaki Tupu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi na watoto. Nyonga ya mama inaendeleaje, na bado anawagombeza wanaotaka kumshika mkono akisimama? Mimi sina ugonjwa wa mwili, ila usingizi siupati na chakula nakila kwa kujilazimisha.

Barua hii anakuletea binamu yetu fundi cherehani. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, kaka, kila ikilia unaiweka spika ili mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie kabla yako. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Unaikumbuka ile meza? Mama alinituma kwa seremala na vipimo vitatu: urefu futi tano, upana futi tatu, kimo futi mbili na nusu. Njiani cha kwanza kikanitoka kichwani, na kwa kuogopa kurudi kuuliza, nikamtajia fundi viwili vilivyobaki. Yeye akachukua tatu kuwa urefu, mbili na nusu kuwa upana, na kimo akakikisia kwa mazoea. Mlicheka mpaka mkanipa jina. Leo nimefanya yale yale, ila si kwa meza.

Hapa hospitali, kazi niliyopewa mwaka juzi ilikuwa kuunganisha programu mbili. Moja iko mapokezi, ambapo karani anajaza habari za mgonjwa. Nyingine hupiga hesabu ya dawa ya maumivu inayopitishwa kwa pampu baada ya upasuaji. Katikati yao nikaweka programu yangu ndogo, tarishi tu: inachukua yaliyojazwa na kuyakabidhi kwa ile ya pili katika mstari mmoja wa amri, kwa mpangilio wa umri, uzito, urefu. Ile inayopokea haioni majina ya vitu. Inajua kwamba cha kwanza ni umri, cha pili ni uzito, basi.

Siku tisa zilizopita mzee mmoja mshona viatu alipasuliwa mguu, akalala usingizi usio wa kawaida, na pumzi zikawa za kuhesabu. Walimwahi. Muuguzi wa wodi ile, mama mcheshi ambaye huniita mkwe wake ingawa hana hata mtoto wa kiume, aliapa kwamba alifuata karatasi ya mashine. Hakuna aliyemsikiliza. Alirudishwa nyumbani asubiri uchunguzi.

Siku ile ile nilifungua kumbukumbu za programu yangu nikitumaini kuwa kosa ni la muuguzi. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyotumaini. Nikaukuta mstari wa yule mzee: hamsini na moja, mia na sitini. Vitu viwili tu. Mzee ana kilo hamsini na moja na urefu wa sentimita mia na sitini. Umri wake haukujazwa, maana haujui, na karani wetu si mtu wa kubuni. Nilipaswa kukifunga kila kipimo kwa alama za nukuu, ili hata kikiwa kitupu kishike nafasi yake. Sikukifunga. Kile kitupu kikapotea njiani, na vya nyuma vikasogea mbele. Mzee mwembamba akapimiwa dawa ya mtu wa kilo mia na sitini. Na urefu ulipokosekana, programu haikulalamika, kwa sababu mimi mwenyewe niliiagiza ikisie urefu wa kawaida, isiwasumbue madaktari.

Kurekebisha ni kazi ya dakika tano. Lakini mkuu wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Saini, haruhusu hata herufi moja ibadilishwe bila sababu kuandikwa daftarini na yeye kutia sahihi. Sababu nilikuwa nayo, moyo wa kuiandika ndio sikuwa nao. Nikajidanganya kwamba mzee ameshaamka na mambo yamepita, na kwamba kila asubuhi nitakagua orodha mwenyewe na kumtafutia umri yeyote asiye nao. Nikawa askari wa kulinda shimo nililolichimba. Nikisikia viatu kwenye korido, nadhani wanakuja kunichukua.

Jana nikaliona jina la mama kwenye orodha ya watakaopasuliwa Jumanne. Nafasi ya umri ilikuwa tupu. Najua ulipomwandikisha ulimuuliza akakujibu kwamba miaka haina maana, uulize magoti, na wewe kwa ukweli wako ukaacha hivyo hivyo.

Sasa nikwambie ninachokionea aibu kuliko vyote. Barua ya kwanza niliyokuandikia haikuwa hii. Ilikuwa na mistari miwili: mwandikie mama miaka sabini, na usiniulize kwa nini. Niliikunja nikaitia kwenye bahasha. Wetu apone, wa wenzetu watajua wenyewe.

Asubuhi hii, nikimsubiri binamu, nikafungua orodha ya waliokwisha kupasuliwa. Bibi wa kitanda cha kumi na nne aliandikishwa jana mchana, baada ya mimi kukagua, na akapasuliwa jioni. Umri hana. Nilikimbia ngazi zote tatu. Wauguzi wakaniambia amelala tu, uchovu wa upasuaji. Nikawaomba waizime pampu, na waliposita nikaizima kwa mkono wangu. Daktari alipomfunua macho akaacha kunifokea, akaanza kuagiza vitu haraka haraka.

Kutoka hapo nikaenda kwa Saini, nikaandika daftarini yote. Alisoma mara mbili, akapiga simu wodi zote hesabu zifanywe kwa mkono, kisha akamwita muuguzi wetu arudi. Mwisho akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamjibu, siku tisa. Akaliandika na hilo kwa mkono wake chini ya maneno yangu, na afadhali angenipiga.

Mstari wenyewe nimeshaurekebisha mbele yake. Hata hivyo usimlete mama Jumanne. Subiri nikuandikie tena, au akuandikie mwingine kama mimi sitakuwepo.

Namalizia barua hii kwenye benchi kando ya kitanda cha kumi na nne. Bibi bado hajaamka. Binti yake amekaa nami bega kwa bega, ameninunulia chai, na ameshanishukuru mara tatu kwa kukimbia vile. Ananisimulia kwamba mama yake naye hajui mwaka aliozaliwa. Binamu ananiita kutoka mlangoni, gari lake linaondoka. Nikishampa bahasha hii nitarudi kwenye benchi nimwambie huyu dada mimi ni nani. Naogopa, kaka. Saini simwogopi tena kama ninavyoiogopa hii chai.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na umfunike mama miguu, maana yeye mwenyewe hataomba. Akiuliza kuhusu mimi, mwambie bado nasahau ninachotumwa, na bado naogopa kurudi kuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Mezafupi