Yaya, Ulikompaili Ukaondoka

Yaya wangu mpendwa, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Mara tatu nimejaribu kukueleza yaliyotokea kwenye zahanati yetu ya uzazi hapa mtaani kwetu Annexe, na mara tatu umecheka. "Si nilikuambia paketi ni ya bantu ba uvivu?" Basi leo utasoma mpaka mwisho, na hao vijana unaowafundisha huko Montréal wasome pia.

Unakumbuka tulipoiweka ile kompyuta kwenye chumba cha chanjo ili itunze fishi, yaani kadi za wagonjwa? Nilikuomba tusakinishe programu kwa paketi: unataja jina, mfumo unaileta ikiwa tayari, unaiandika kwenye orodha yake, na siku ya kuibadilisha unajua pa kuanzia. Ukakataa. Ulitaka msimbo chanzo, yaani programu ikiwa bado ni maandishi ya walioitunga, uikompaili mwenyewe papo hapo mpaka mashine iweze kuiendesha. "Bukari ya kupika mwenyewe njo inashibisha," ulisema, kana kwamba programu ni ugali. Ukanieleza kwamba anayekompaili huchukua anachohitaji na kuacha kinachobaki, na mashine nzee hupata nafuu. Ilikuwa kweli, na hata leo sikatai. Siku mbili tulikaa tukitazama mistari ikipanda kwenye skrini, umeme ukikatika unasonya, ukirudi unaendelea. Mama alituletea matembele. Nilikuwa na furaha, yaya. Nilidhani nafundishwa.

Lakini kila nilipogusa klavye ya kuchapia uliivutia kwako. "Toka apa, mutoto. Utaharibisha." Nilikuwa na diploma kama yako.

Kisha ukapata kazi ng'ambo. Tulikusindikiza uwanja wa ndege wa Luano, Mama analia, na mimi nikakuuliza: "Uliandika wapi namna ulivyoikompaili?" Ukajigonga paji la uso. "Yote iko umu mu kichwa. Utanipigia." Halafu ukaingia ndani ya ndege na kichwa chako.

Mwaka huu maabara waliomba programu ndogo ya kuchapisha lebo za chupa za damu. Niliisakinisha kwa paketi. Ikaja na hifadhidata yake, yaani programu ya kutunza kumbukumbu, aina ileile uliyoikompaili wewe kwa ajili ya fishi, ila toleo jipya. Mfumo haukujua kwamba yako ipo, kwa kuwa hukuiandika kwenye orodha yoyote. Uliificha kwenye folda yako. Katika kusasisha, mfumo ukaondoa pia maktaba moja ya zamani, yaani fungu la msimbo ambalo programu huazima, na yako iliitegemea. Nilipoizima kompyuta na kuiwasha, mpya ikashika nafasi, yako ikakataa kuamka.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama Eufrasia, mkuu wa wauguzi, alinijia mbio uani. "Kompyuta iko utupu! Hata muntu moja hamuna!"

Kitandani alilala mwanamke aliyejifungua siku mbili kabla, ana homa kali, hajibu akiitwa. Alihitaji sindano upesi. Mume wake alisimama mlangoni ameshika viatu vya mkewe mkononi. "Kuna sindano ilimuvimbisha mwaka ule, karibu afe," akasema. "Jina yake sijue. Mulimuandika hapa hapa kwenu."

Tulimwandika, yaya. Kwenye ile mashine.

Nilikupigia. Hukupokea. Nikakuandikia kwamba kuna mgonjwa. Ukajibu: "Niko kazini. Lance make, itapona." Yaani nitoe amri ya kukompaili upya. Nikompaili nini? Folda ya msimbo chanzo ulikuwa umeifuta ili upate nafasi. Vigezo ulivyochagua hukuviandika. Nilipokupigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Mama Eufrasia aliitazama chupa ya penisilini iliyokuwa tayari mezani, akairudisha kabatini. "Mi naogopa," akasema, akatafuta dawa ya aina nyingine. Hakuwa na ushahidi wowote. Aliogopa tu.

Mimi nikaketi mbele ya mashine yako. Nilifungua faili za data nikaona namba ya toleo, nikapakua msimbo wake kwa intaneti ya simu. Nikakompaili. Ikagoma: kipande kimoja hakipo. Nikakileta. Ikagoma tena: kulikuwa na kigezo cha usimbaji, cha namna herufi zinavyohifadhiwa, ulichokiwasha. Nikasoma, nikakiwasha. Mara ya tatu ikapita, na majina yakarudi, yote. Fishi ya kwanza niliyoifungua ni ya yule mama. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi nyekundu: asipewe penisilini kamwe.

Alipona. Mtoto naye anaendelea vizuri. Mume wake alinishukuru, na nilishindwa kumtazama usoni.

Unajua kinachoniunguza? Kazi uliyoifanya fumbo miaka yote hii nimeimaliza asubuhi moja. Nilipoandika hatua zote, zikatosha kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja, yaya! Ungeuandika ukisubiri ndege. Ulituachia mashine ambayo wewe tu ndiye wa kuiamsha, kusudi tuendelee kukuhitaji, kisha tulipokuhitaji ukazima simu. Usijifiche nyuma ya msimbo chanzo. Msimbo haukufanya kosa lolote.

Sasa hifadhidata na programu ya fishi vyote ni vya paketi. Kitu kimoja tu nimekikompaili mwenyewe, ile programu ya lebo, kwa sababu printa yetu ilitaka marekebisho. Msimbo wake nimeutunza, na maelezo yamebandikwa ukutani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chetu.

Mama ameniambia unakuja mwisho wa mwaka, na kwamba unataka "kurudisha mfumo vizuri". Njoo. Nakupenda, na hasira haijanifanya nisahau kuwa ni wewe uliyenionyesha kompyuta kwa mara ya kwanza. Kitanda chako kipo. Ila nywila usiniombe. Mama Eufrasia anayo, muuguzi wa maabara anayo, mimi ninayo. Wewe huna.

Mimi mudogo wako, mwenye hasira bado