Nyumba Uliyonikandikia

Mama,

Nakaa! Nimerudi Koboko kutoka Arua sasa hivi, upepo wa pikipiki bado unanivumia masikioni, na kabla ya kuvua viatu nimeona nikuambie wewe kwanza. Nakaa nyumbani mpaka saruji ya kaburi lako ikomae.

Hujui tulivyohangaika. Tangu tukuzike nimekuwa nikija hapa kama mwizi. Unakumbuka napika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara kule Juba, na kodi wanaikata kule kule kabla mshahara haujanifikia. Basi madereva wa mpakani wakaniambia nikilala Uganda siku nyingi nitahesabiwa mkazi wa huku, na mshahara ule ule utakatwa kodi mara ya pili. Niliwaamini. Nikawa nafika jioni, naondoka alfajiri. Kaka Lemi alinicheka kila aliponipeleka stendi kwa bodaboda yake: "Dada, kimbia, kodi iko nyuma yako kama mchumba!" Nilicheka naye, lakini njiani nililia.

Kisha wazee wakapanga siku ya kujengea kaburi. Unajua desturi ya ukoo wetu: binti ndiye humwagilia saruji asubuhi na jioni isije ikapasuka, na hatoki nyumbani mpaka iwe ngumu. Wewe ulimfanyia bibi hivyo, mimi nikakushikia jagi. Sasa ni zamu yangu, nami naogopa kulala kwetu! Shangazi akasema nitafutiwe mtu wa kumwagilia badala yangu.

Lemi ndiye aliyesema twende tukawaulize wenyewe. Akanipakia mpaka Arua, ofisi ya kodi. Ofisa, mwanamke mwenye sauti ya upole, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataanza na siku. Hakuanza na siku. Aliniuliza nyumba yangu iko wapi.

Nyumba yangu! Nikamweleza ile ya nyasi nyuma ya jiko lako, uliyoikandika udongo kila kiangazi ingawa hapakuwa na mtu wa kulala ndani. Majirani walikutania kwamba unawatunzia panya. Nawe ukawajibu, mikono imejaa udongo: "Mutu ya safari iko na nyumba. Akirudi atalala wapi?"

Yule ofisa akacheka. Akasema kuhesabu siku ni njia moja tu. Mwenye makao ya kudumu huku ni mkazi wa huku kwa mambo ya kodi, hata kama kazi yake iko Juba. Kumbe nilikuwa mkazi muda wote, Mama! Nilikuwa nakimbia kitu kilichokwisha kunipata. Na mshahara? Niutaje tu ninapotoa taarifa yangu, nilete uthibitisho wa mwajiri kwamba kodi imelipwa kule, na hapa hautakatwa tena. Lemi alipiga vigelegele kama mwanamke arusini, mpaka askari wa getini akaja kutazama.

Nimeiacha barua kidogo nikampigia simu mpishi mwenzangu wa Juba. Anasema nisiwe na haraka, atashika sufuria zangu. Jagi lako la bluu nimelikuta chini ya meza, mpini umevunjika. Nitatumia hilo hilo.

Halafu nimeingia ile nyumba. Udongo umebanduka upande wa mlango, maana kiangazi hiki hukuwepo. Lakini juu ya dirisha alama za vidole vyako bado zipo, vinne na kidole gumba. Hapo sitapagusa.

Lala, Mama. Kesho mafundi wanakuja. Nitakumwagilia asubuhi na jioni bila kutazama barabara. Na saruji ikikomaa, nitakanda udongo niuzibe ukuta wangu mwenyewe, na kila kiangazi nitarudi kuukandika, niwe natoka Juba au mbali kuliko Juba.

Mwanao, aliye nyumbani,
Kiden