Mkono wa Mheshimiwa Tuohy

Kilbannagh, Mayo
Jumapili, Agosti 2020

Kaka yangu mpendwa Fiachra,

Pokea salamu zetu sote, na zangu peke yangu ziweke juu kabisa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Australia imepungua, maana sisi hapa hatujazoea kusikia mtu akilalamikia baridi mwezi wa nane. Mama hajambo. Babu hajambo kiasi, nitakueleza huko mbele. Mimi nina afya.

Utashangaa kwa nini ninaandika wakati tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Unanijua. Mama ndiye anayeishika simu, Babu anakaa nyuma yake akikuuliza habari za kondoo wa huko, na mimi nabaki kupunga mkono. Jambo nililo nalo linataka nikae peke yangu na kalamu. Tena nataka ulisikie kwangu kabla vijana wa Mayo walioko Perth hawajakutumia kile kipande cha redio.

Shule nimemaliza, kama ujuavyo, bila mtihani na bila kuagana na mtu. Alama watatupa walimu wenyewe, tutazipata mwezi ujao. Vizuizi vilipolegezwa Mama akaniombea kazi hotelini anakopika, nami nikaanza kuhudumia meza. Navaa barakoa kutwa nzima na, nikwambie kweli, naipenda. Nyuma yake hakuna anayeona uso wangu ukigeuka mwekundu kila mgeni anaponiuliza swali. Babu siku hiyohiyo alihamisha kiti chake mwisho wa meza. Alisema kwa umri wake na kwa watalii ninaowapakulia mimi, bora tusalimiane kwa macho. Tangu hapo hakuniruhusu hata nimfunge vifungo vya koti.

Yale maziko ya Bibi uliyatazama kwa kamera ya kanisani, kwa hiyo ulituona tulivyokaa mbalimbali kwenye mabenchi. Ya nje hukuyaona, na hakuna aliyekusimulia. Unakumbuka Bibi alivyokuwa. Msiba ukitokea nyumba yoyote, maiti hajapoa, yeye keshafika na mikate yake ya mayai, na sahani zake zenye plasta chini iliyoandikwa Nonie ili zirudi. Basi lilipotangazwa jina lake redioni asubuhi kati ya waliofariki, wakamalizia kwamba nyumba ni ya familia peke yake, wengine wasije. Babu akainuka akaizima redio. Usiku ule sahani zote zilikuwa kabatini. Hakuna aliyeingia kukaa nasi, hakuna aliyesimulia kichekesho cha Bibi, hakuna aliyemshika Babu mkono. Kesho yake majirani walisimama kando ya barabara, kila mmoja mbele ya lango lake, gari la maiti likapita, na Babu akawatazama kupitia dirisha la gari letu.

Kwenye lango la kanisa alikuwa amesimama Mheshimiwa Malachy Tuohy. Hilo halikutushangaza. Wewe mwenyewe umekulia kwenye utani wa kwamba mbunge wetu hakosi maziko, hata ya wale waliompigia kura mpinzani wake. Babu alizoea kusema kwamba siku atakayokufa yeye, Tuohy atafika kabla ya padri. Na unajua anavyoshika mkono: anauchukua kwa mikono yake miwili, anainamisha kichwa upande, anataja jina lako na la marehemu, anasema pole kwa msiba, wala hauachii upesi. Wengine humcheka, lakini nimewaona wakilia mikononi mwake.

Basi Babu alipofika langoni alinyoosha mkono. Ni mazoea, Fiachra, hata hakufikiri. Na Tuohy akarudi nyuma hatua moja, akaweka kiganja kifuani. Alimwambia, "Festy, ningekushika, Mungu ajua. Lakini sheria ni sheria, na mimi ni mmoja wa walioipitisha."

Mkono wa Babu ulibaki hewani. Kisha akautia mfukoni akasema sawa sawa, Malachy.

Mimi nilidhani ameumia. Kumbe ndicho kitu alichokishikilia miezi yote hii. Akikaa dirishani jioni na chai yake imepoa, Mama akimuuliza kulikoni, hujibu kwamba kama Malachy Tuohy ameweza kujinyima, mtu ambaye kushika mikono ndiyo kazi yake, basi nasi tunaweza. Aliniambia mara nyingi kwamba Bibi alizikwa kimya kwa ajili ya uhai wa watu, na kwamba hiyo nayo ni heshima. Hajamlilia Bibi hata siku moja. Anakula kidogo, analala kidogo, na anashika sheria.

Sasa hiyo habari iliyowafikia mpaka huko. Wiki mbili zilizopita chama chao kilimwandalia mzee wao mmoja karamu ya kumuaga, hapo hotelini kwetu. Wiki ileile serikali ilikuwa imekaza tena masharti ya mikusanyiko, na Tuohy, ambaye sasa ni naibu waziri, alikuwa ametokea kwenye televisheni kutusihi tuvumilie. Ukumbi ulijaa. Walikaa bega kwa bega, wakala mwanakondoo kwa mchuzi wa mnanaa, wakaimba. Mimi nilihudumia. Walipoondoka, meneja, Bwana Lavelle, alitukusanya jikoni akasema wageni wa heshima hawasemwi nje, na anayependa kazi yake amenielewa. Njiani Mama akanishika bega akaniomba ninyamaze. Mshahara wake ndio unaotulisha sote, unajua.

Lakini picha ilitoka gazetini, na nchi ikawaka. Sijawahi kusikia watu wamekasirika hivyo, tena kwa sauti za chini. Kwenye kipindi cha asubuhi cha redio alipiga simu mwanamke aliyejifungua huku mumewe akiwa nje kwenye gari. Akapiga simu mzee aliyemuaga dada yake kupitia dirisha la nyumba ya wazee, huku dada akidhani ni mtu anayesafisha vioo. Hawakutukana. Kila mmoja alieleza lake, akashukuru, akakata simu.

Ijumaa Tuohy mwenyewe akaja hewani. Alisema kwenye karamu hakukaa. Alipita tu kuchukua koti la mke wake, akasimama mlangoni dakika chache, hakula kitu, wala hajamshika mtu yeyote mkono tangu mwezi wa tatu.

Mbele ya duka la Mulchrone, foleni nzima ilikuwa ikilicheka hilo koti. Dada wa posta aliuliza ni koti gani hilo linaloliwa kwa mchuzi wa mnanaa. Jamaa wa gereji akamjibu, "Mwache mtu wa watu, dada. Alikwenda kulizika." Hata padri alicheka, akajifanya anakohoa, halafu wote wakaruka nyuma kwa sababu ya hicho kikohozi.

Babu peke yake hakucheka. Niliporudi na maziwa nilimkuta jikoni, redio imewashwa, vidole vyake vimebana ukingo wa meza. Alisema, "Kama Malachy anasema hakumshika mtu, hakumshika. Mimi mwenyewe alininyima."

Alisema hivyo kwa imani, Fiachra, kama mtu anayesali. Nikatoka nje.

Nimekuwa nikipazunguka pale ninapotaka kufika. Usiku wa karamu, nikipita na jagi la mchuzi, Tuohy alinitambua licha ya barakoa. Aliinuka. Akauchukua mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Pole kwa msiba, Muireann. Nonie alikuwa mwanamke wa pekee." Sidhani hata alikumbuka yuko wapi. Mkono ulimtoka wenyewe, kama ulivyomtoka Babu langoni.

Na nitakuambia lililo gumu zaidi. Nilisema asante. Ulikuwa mkono wa kwanza niliopewa na mtu kwa ajili ya Bibi, ulikuwa wa moto, na ulinifariji. Karibu nilie pale mbele ya meza yao. Ilikuwa baadaye, nikiwa kwenye chumba cha baridi kutafuta siagi, nilipomwona tena akilini Babu akiutia wake mfukoni, nikashindwa kutoka mpaka Mama alipokuja kuniita.

Kwa hiyo yule msichana wa hotelini aliyepiga simu redioni ni mimi.

Nilipigia bandani, nimekaa juu ya rundo la makaa ya mboji ya kuwashia moto. Mtangazaji aliniuliza kwa upole kama ningependa jina langu lisitajwe. Nikafikiri, Tuohy alilitaja langu na la Bibi. Nikalisema lote, Muireann Gaughan wa Kilbannagh, na sauti yangu nikaisikia ikitoka tena dirishani mwa jikoni, imechelewa kidogo, kama ya mtu mwingine jasiri kuliko mimi. Nikaeleza. Akaniuliza nina hakika gani kwamba ni yeye. Nikasema hakuna mtu mwingine kaunti nzima anayeshika mkono namna hiyo. Akasema hilo linamtosha. Nadhani naye ameshashikwa.

Mama alirudi mchana, aproni bado kiunoni. Nilijua nimemponza. Alisimama mlangoni akasema ningemwambia kwanza, halafu akasema Lavelle alipomuuliza jikoni kama ni kweli, alimjibu kwamba nyama ya Tuohy aliikata yeye mwenyewe kwa kisu chake, na Tuohy aliomba aongezewe mara mbili. Jumanne mimi naye tumeitwa hotelini kuzungumza. Hatujui itakuwaje. Jana jioni Tuohy amejiuzulu unaibu waziri, na watu wamepiga honi barabarani. Mimi sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Nilichokuwa nakiogopa si Lavelle. Nilimwogopa Babu. Nilipotoka bandani nilikaa uani mpaka nikaona siwezi kukaa zaidi, nikaingia. Redio ilikuwa imezimwa. Alikuwa kwenye kiti chake, mwisho wa meza, akiitazama barabara. Nikasimama. Nikamwambia anisamehe kwa kumnyang'anya rafiki.

Hakugeuka. Aliuliza, "Mkono gani?"

Nikauinua wa kulia.

Akautazama kama mtu anayetazama kitu kilichopotelea njiani. Akasema, "Ule ulikuwa wangu." Halafu, "Kanawe kwanza. Halafu uje unipe."

Nikanawa kwa sabuni kwa muda ule tunaoambiwa kwenye televisheni, naye akanihesabia kwa sauti, wala hakuruka hata moja. Nikaenda mpaka mwisho wa meza nikampa. Akauchukua kwa mikono yake miwili. Alitaka kusema kitu, nadhani jina la Bibi, hakuweza. Akaweka paji la uso juu ya vidole vyangu akalia, Fiachra, akalia kama vile maziko ni leo. Mimi nikasema pole kwa msiba, Babu, na nikamwita Bibi kwa jina lake, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Usiku alikula. Leo asubuhi ameshusha sahani za Bibi kabatini na kuzipanga juu ya meza, anasema zina vumbi.

Nisalimie wenzako wote huko, na uvae soksi. Mama anakubusu, anasema usifikirie habari za fedha. Babu anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba siku mtakayofunguliwa anga na ukarudi nyumbani, usije ukasimama mlangoni na kupunga. Mkono wako bado anausubiri.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Muireann