Mussa Hakukimbia, Skola

Skola mwanangu,

Anko wako nakuandikia. Darasa nililoishia unalijua, lakini barua ya kuomba umeme mtaa wetu pale Majengo niliandika mimi, na nguzo zikaletwa. Hii inanishinda.

Toka tukuzike mama yako hali chakula. Anashinda na kofia yako nyeupe mapajani. Wanaokuja kumpa pole wanauliza lile lile: trafiki hana bunduki, alijipeleka kwa mtu mwenye panga kufanya nini? Mimi najua. Nilikuwepo.

Siku ile, pale mashine ya mpunga Mwamkulu, yule mtu alipoanza kukata watu, wewe na mwenzako Mussa mlikuwa barabarani na filimbi na redio tu. Mkaita askari wenye silaha, mkaambiwa wako njiani. Ndani watu wanapiga kelele. Ukaniona pale nje: "Anko, fungua mlango wa nyuma, toa watu!" Ukaingia unapuliza filimbi, akugeukie wewe, awaache wao. Akakugeukia.

Skola, mlango sikuufungua. Mimi niliyewasimulia nyie watoto nilivyomfukuza simba kule Sitalike kwa kandambili, nilijichimbia kwenye lundo la pumba, kichwa na yote. Aliyeufungua ni Mussa. Alitoa watu, akambeba mama mmoja mkono unaning'inia, akarudi kwako mikono mitupu. Ulikuwa umeshakwenda. Wenye silaha walifika baadaye, wakamkamata.

Msibani nikaulizwa. Turubai zima wananitazama mimi. Nikasema nilimkaba yule mtu shingo mpaka panga likadondoka.

"Eeh! Na Mussa je?"

Nikasema alikimbia.

Nilisema tu, Skola. Ili hadithi yangu isimame.

Sasa Mussa anahojiwa kwa kumtelekeza mwenzake, na shahidi ni mimi. Waliotoka walikimbia bila kutazama nyuma. Yule mama aliyebebwa na Mussa bado hajitambui hospitali. Juzi nimekutana na Mussa sokoni. Hakunitukana. "Shikamoo mzee," akapita.

Kesho asubuhi naenda kutoa ushahidi. Mama yako atakuwepo. Akishasikia, sijui kama ataniita tena mdogo wake. Lakini nakuahidi: nitasema ulivyoingia wewe, alivyoingia Mussa, na mimi nilikokuwa.

Pumzika, mwanangu. Nikijisikia naanza kuongeza chumvi, nitanyamaza, nianze upya.