Aliyetoa Globu za Pikapu Yako

Baba,

Huko uliko sidhani kama kuna baridi kama hii ya Njombe, kwa hiyo koti lako labda hulikumbuki. Sisi limetutoa jasho. Ngoja nikueleze, maana nusura ukoo wako ugawanyike.

Tangu tukuzike, pikapu ilikaa palepale uani ulipoiacha ile jioni uliyougua. Mwezi uliopita kaka Baraka akapakia viazi kwenda Makambako. Kwenye mteremko, ukungu umetanda, akashika breki, na lori la nyuma likamkwepa mpaka likaingia kwenye majani. Dereva akashuka anafoka, "Unataka tufe? Gari halina taa za breki!" Baraka alirudi midomo imemkauka. Mama akasema hakuna mtu kulipanda tena gari lile.

Unanijua, mimi siamini kitu mpaka nikione. Nilichukua bisibisi yako, nikafungua kava jekundu la kushoto. Globu hakuna. La kulia, hakuna. Wala hazikuungua, Baba, hazikuwepo! Na skrubu zote zimerudishwa, zimekazwa vizuri. Nikakaa chini nikawaza. Mwizi gani wa njiani anaiba halafu anakukazia skrubu? Huyo ni mtu wa nyumbani, tena hakuwa na haraka.

Nikaanza kuwapima watu. Baraka? Asingejitia kitanzi mwenyewe. Akabaki mdogo wako, Baba Mdogo Festo. Siku tulipogawa nguo zako, yeye ndiye aliyesema gari likilala linaoza, bora akae nalo yeye kule Makambako. Tukampa koti lako zito, kama ulivyotaka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Mama alimwona sokoni Makambako, naye Baba Mdogo akavuka barabara akajifanya anaangalia mitumba. Na baridi yote hii, shati tupu! Nikasema moyoni, koti kauza, globu kazitoa yeye, anangoja gari life alichukue kwa bei ya chuma chakavu.

Globu ningeweza kununua. Siku hizi maduka ya Makambako yamejaa, siyo kama ile miaka ya uhaba na foleni, ulipokuwa unazitoa mwenyewe kila jioni zisiibiwe na kuingia nazo ndani kama umebeba mayai. Maduka yalipofunguka tukakucheka mpaka ukaacha. Lakini sikununua. Nilitaka kwanza mwizi aumbuke kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wote. Maneno yangu nilishayapanga, na yalikuwa makali.

Siku moja kabla ya kikao, Baba Mdogo akaingia uani. Koti lako kalining'iniza kwenye ncha ya fimbo, mbali na mwili, kama mtu aliyeua nyoka. Hata salamu ya "kamwene" hakutoa. Akamtazama Mama.

"Shemeji, sikuja kwa ubaya. Niambie tu, nani alimwekea kaka yangu hii kitu?"

Kwenye mfuko wa ndani, ule uliousona mwenyewe kwa mkono, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimekazwa kwa mpira wa tyubu, fundo juu ya fundo. Kumbe koti hajalivaa hata mara moja. Alilitundika kwenye banda la kuni akawa analifanyia maombi. Alikuwa anatuogopa, Baba! Mimi namwita mwizi, yeye anatuita wachawi.

Mama akaanza kulia. Mimi hasira zikanipanda, nikakinyakua kile kifurushi nikakifungua kwa meno. Baba Mdogo akaruka nyuma mpaka kwenye banda la kuku.

Globu mbili.

Kumbe hukuacha. Ulikuwa unazitoa kwa siri tusikucheke, hata Mama hakujua. Jioni ile ulizitia mfukoni, ukaugua, hukupata asubuhi ya kuzirudisha. Ewe Baba! Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Matundu ya kuchomekea globu yalikuwa yameshika kutu. Nikayasugua kwa msasa, nikasukuma globu na kuizungusha kidogo kama ulivyonifundisha, "Usiilazimishe, itakubali yenyewe." Nikamwambia Baba Mdogo aingie akanyage breki, mimi nikasimama nyuma. Zikawaka zote mbili. Nikapiga kelele, "Basi, achia!" Hakuachia. Nilipokwenda mbele nilimkuta ameinamia usukani wako, mguu bado uko kwenye breki, anasema, "Kaka, nisamehe. Kaka, nisamehe." Nikamshika bega. Yale maneno yangu makali sikuyasema, siku ile wala kwenye kikao.

Sasa yeye na Baraka wanapeleka viazi pamoja. Koti amelivaa, linambana kidogo. Kabla sijamrudishia, ule mfuko wa ndani niliufunga kwa uzi mara mbili.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, kuanzia sasa globu zinalala kwenye gari. Wakiziiba, Makambako zimejaa. Baba Mdogo ninaye huyu mmoja tu.

Mwanao,
Tumaini